Mtahiniwa wa Chini ya Kitanda

Mambo yalianza na neno moja tu: sodiamu.

Binti wa fundi cherehani alikuwa amejifungia chumbani mchana kweupe, anapitia kemia. Mtihani wa mwisho ulibakiza siku tisa. Mara mbili alikwishaanguka, na baada ya huu hapakuwa na mwingine. Alikuwa akikariri jedwali la elementi kwa sauti, macho kayafumba: oksijeni, florini, neoni... Akakwama. Chini ya kitanda sauti ikamnong'oneza, pole kama ya mwanafunzi mwenzake, "Sodiamu."

Alidhani mama anamtania. Akatoka mbio, akamkuta kwenye cherehani, pini kazibana midomoni.

"Mama, ni wewe uliyesema?"

Mama akatikisa kichwa.

Aliporudi kitabuni, lile neno lilikuwa limemtoka. Alilisoma, akafumba macho, asilione. Kesho yake sauti ikamtangulia kwenye magnesi, na alumini, na silikoni, na kila ilichotaja kikamponyoka kama maji kwenye chekecheke, na chumba kikaanza kunuka kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na chini ya godoro pakasikika kurasa zikifunuliwa moja baada ya moja, bila pupa, kama za mtu anayejua kwamba muda anao.

"Mama," alinong'ona siku ya nne, "kuna mtu anasoma na mimi. Akishajua yeye, mimi sijui tena."

Mama hakubisha. Alimwita mganga. Mganga akafukiza ubani, akainama kitandani. "Wewe nani? Unataka nini?"

Jibu likatoka kinywani mwa binti: "Niacheni nisome."

Mganga akamvuta mama nje. "Dada yangu, sikufichi. Angetaka kuku, tungemchinjia. Angetaka nguo, wewe ni fundi. Huyu anataka nafasi ya mtoto."

"Basi mtihani haendi!"

"Unadhani atakuomba ruhusa?" Akabeba mkoba wake. Viatu alivivalia njiani.

Mama alichoma vitabu vyote, akafunga mlango kwa ufunguo, akalala kizingitini. Asubuhi ya mtihani alimkuta binti uani, sare kaipiga pasi, kalamu mbili mkononi. Alimwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa wa kwanza. Majirani walipiga vigelegele. Mwalimu wa kemia akaja mwenyewe, akamkuta kaketi wima sebuleni.

"Hongera, binti yangu! Nilijua siku moja utanitoa kimasomaso."

"Asante, Mwalimu," akajibu. "Chuo kinafunguliwa lini?"

Mwalimu akacheka kwa furaha. Mama aliyekuwa akileta chai alisimama mlangoni na sinia lake. Miaka kumi na tisa alikuwa amelea sauti moja. Haikuwa ile.