Bega la Mbuke

Je, umewahi kusimama tuli hata nzi akatua puani pako, akatembea, akanawa mikono, nawe usimfukuze? Mbuke aliweza. Kwao walikuwa wafugaji, na alisema alijifunza kwa ndama: ukitikisika, ndama mgeni hakusogelei.

Kila Jumamosi Mbuke na rafiki yake Safiya walifuatana na shangazi yake Safiya, mpiga picha za harusi wa Nyahanga, ambaye majirani walimwita Mama Yasini. Safiya alibeba begi la betri. Mbuke alitoa bega lake. Shangazi alipotaka kurekodi video isiyoyumba, aliegemeza kamera hapo.

"Usipumue, stendi yangu!" shangazi alimtania.

"Nimeshakufa, Mama Yasini," Mbuke alijibu kwa pembe ya mdomo, na watu wakacheka.

Lakini bega si chuma. Shangazi akaanza kuitwa harusi za vijijini, za kutwa nzima. Siku moja akawaita wasichana wale.

"Nendeni kwa Nasibu mkanichagulie stendi ya miguu mitatu. Nimeshapatana naye. Nataka inayokunjika ikawa fupi, iingie begini, nisimchome dereva wa bodaboda mbavuni. Ikisimama, miguu isicheze. Halafu kichwa, hicho kinachoshika kamera. Ndani kina gololi, hugeukia kila upande, na hapo ndipo watu wanapoumia. Fungeni kamera yangu, inamisheni lenzi kidogo, kazeni, muachie. Tazameni mpaka mchoke. Kikishuka hata chembe, kiacheni."

Dukani, Nasibu aliwatolea stendi tatu. Safiya akachuchumaa, akazikunjua moja moja na kuzisukuma kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa nzito kama mchi. Ya pili ilikuwa na mguu uliocheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ya tatu ilikunjika ikatoshea begini na nafasi ikabaki, na iliposimama, ilisimama.

Vichwa vilikuwa viwili, kimoja cheusi kinene, kingine chekundu chenye kung'aa.

"Mimi siwaapii," alisema Nasibu. "Jaribuni wenyewe."

Safiya alikuwa bado anapambana na miguu, kwa hiyo Mbuke ndiye aliyejaribu vichwa.

"Vipi hicho chekundu?" Safiya aliuliza bila kuinua macho.

Mbuke alikawia kidogo. "Kimekaa."

"Umetazama mpaka umechoka?"

"Safiya nawe! Kwani mimi sijui kutulia ni nini?"

Safiya akacheka. Kweli, nani angejua kuliko Mbuke? Wakachukua chekundu.

Jumamosi iliyofuata safari ilikuwa ya kijijini, mbele ya Buzwagi, kumuaga bi harusi aitwaye Asteria. "Mbuke, leo pumzisha bega lako," shangazi alisema, na bodaboda ikaondoka na watu wake wawili. Mbuke alibaki kando ya barabara, ametulia kama kawaida yake.

Kule kijijini, bibi yake Asteria, mzee sana, alikuwa amnyunyizie mjukuu wake maji ya baraka. Katika ukoo ule maneno ya baraka hiyo husemwa mara moja tu. Asteria alimsihi shangazi, "Mama Yasini, hata picha zingine zote zikiharibika, hii nipatie."

Shangazi akaifunga kamera juu ya stendi, akaiwasha, akaenda kuwapiga wageni picha kwa kamera ndogo. Safiya akaachwa awazuie watoto wasiikwae miguu. Naye aliilinda miguu kwelikweli. Juu hakutazama. Huko juu lenzi ilikuwa ikiinama polepole, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

Walipoitazama ile video, uso wa bibi ulionekana kitambo kidogo. Ukafuata mkufu wake, kisha kibuyu cha maji, kisha viatu vya Asteria, na kuku mmoja akipita zake. Asteria alilia bila sauti.

"Tumwombe bibi arudie," Safiya alinong'ona.

Bibi alimsikia, akatikisa kichwa. "Ng'wanawane, mtoto wangu, maji yakishamwagika yamemwagika."

Asteria akajifuta macho. "Sauti yake ipo. Nitafumba macho nisikilize."

Jioni ile nyumbani, shangazi alifunga kamera, akainamisha lenzi, akakaza kwa nguvu zake zote. Chai haijapoa kikombeni, lenzi ilikuwa imeshatazama sakafu.

"Nani alijaribu kichwa hiki?"

Safiya alitoka mbio hadi kwa kina Mbuke.

"Ulikiona kikishuka?"

Mbuke alitazama chini. "Nilikiona. Palepale dukani."

Laiti angekuwa Nasibu! Mwenye duka akikudanganya, unakasirika, unasahau. Lakini Mbuke, waliyekula naye sahani moja tangu wakiwa wadogo! Safiya alihisi kama ameegemea ukuta, kumbe ni pazia.

"Nilikuamini hata sikugeuka kutazama," alisema, akaondoka.

Shangazi alipoambiwa, hakumpigia Mbuke kelele. Alimpeleka kwanza kwa Asteria, Mbuke akakiri na kuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha wao wawili na Safiya wakarudi kwa Nasibu kubadilisha. Mbuke akakijaribu kile cheusi, akakikodolea macho mpaka machozi yakamtoka. Hakikushuka.

Walipotoka nje, shangazi aliwasimamisha kivulini.

"Sikilizeni. Stendi hujaribiwa kwa mzigo, na rafiki hujaribiwa kwa ukweli. Mbuke, uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, lakini umemnyima mtu uso wa bibi yake. Nawe Safiya, kumwamini mwenzio ni vizuri, ila kazi uliyopewa itazame mwenyewe mpaka mwisho. Na mimi nina langu. Niliweka chuma mahali pa bega la mtu, nisimuulize mwenye bega." Akainama kidogo. "Haya, mwanangu, niambie. Ulikuwa unataka nini?"

Nzi alitua shavuni pa Mbuke. Mara hii alimfukuza. Bega lake lilikuwa likitetemeka.

"Nilitaka kwenda nanyi," alisema. "Hata kama sina cha kubeba."