Kitanda Chenye Mwenyewe

Katikati ya godoro palikuwa na joto.

Fundi, jina alilopewa na wateja wa cherehani yake, alilipapasa tena, kichwani, miguuni, pembeni. Kote baridi kama sakafu. Katikati tu ndipo palipokuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda kunywa maji. Aligeuka kumtazama muuza samani. Yule bwana alikuwa anafuta vumbi kwenye kabati lililokwisha kufutwa.

"Nani alikuwa amelala hapa?"

"Hakuna mtu, dada. Achana na hicho, njoo uone hiki cha mbao. Mtu mzima akikaa, miguu inafika chini bila kuchuchumaa. Si umesema mgeni wako kavunjika nyonga?"

Alisema, ndiyo. Mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa amempigia simu: mama anakuja kuuguzwa, chumba cha wageni kitupu, mchagulie kitanda kilichoinuka, daktari kamkataza kukaa chini. Maneno mepesi kwa mtu aliye barabarani. Anayebaki nyumbani na huyo mama ni nani? Mara ya mwisho alipokuja, mama mkwe alihamisha sufuria zote jikoni, akawapangia wateja wa cherehani siku ya kuja kuchukua nguo zao, na jioni moja jirani alipouliza mlangoni, "Mwenye nyumba yupo?" akajibu, "Ndiye mimi." Neno hilo lilimkaa Fundi kifuani kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo. Hakuwa na kingine duniani cha kuita chake ila nyumba ile na nafasi yake ndani yake. Aliapa hatalisikia tena neno hilo kinywani mwa mtu mwingine.

"Na hiki cha chuma kina nini?"

Muuza samani alishusha sauti. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe gani?"

"Dada, usinitafutie maneno. Waliokileta walikishusha wakakimbia, hata kuaga hawakuaga. Ukilala, unakaliwa kifuani. Nimeita mafundi wa kuchomelea waje wakikate tuuze chuma. Kila anayekuja anakumbuka ghafla kuwa ana msiba kwao. Hizo koo zao zitakwisha!"

"Kinaua?"

"Kuua, hapana. Kinafukuza."

Mungu atusitiri sote, maana shetani havunji mlango. Hupita palepale tulipomfungulia. Fundi alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaupima mguu wa kitanda cha chuma. Hakikufika hata kwenye goti lake, na katikati kilikuwa na bonde.

"Nifungie hiki."

"Cha mgeni?"

"Cha mgeni."

Mama mkwe aliletwa asubuhi. Dereva hakuzima hata injini. Mzigo ulikuwa unamsubiri. Alimwingiza mama yake mpaka sebuleni, akamwambia mkewe, "Nakuachia moyo wangu, unitunzie," akaondoka. Yule mama alikuwa na mwili mdogo na ulimi mrefu. Alisimama na mkongojo wake mbele ya kitanda, akakitazama juu na chini, ingawa juu hakukuwa na pa kutazama.

"Mwanangu, hiki ni kitanda au ngazi ya kushukia kaburini?"

"Ndivyo vya siku hizi, mama."

"Basi siku hizi zinatuchukia wazee." Akajishusha kidogo kidogo, akishikilia chuma, na nyonga yake ikalia kwa ndani kama bawaba kavu. Fundi alisikia. Aligeukia pazia, eti analinyoosha.

Mambo hayakungoja giza. Mchana uleule, Fundi akiwa kwenye cherehani, ilikuja harufu ya utambi uliozimwa kwa mate, na nyumba ile haikuwa na taa ya utambi. Kisha chuma kikalia, kri, kri, wakati mgonjwa mwenyewe hawezi kujigeuza. Kisha ikaja sauti ya mtu anayetaka kuita na kinywa chake kimezibwa kwa kiganja.

Alikwenda kwa ncha za vidole mpaka mlango wa chumba cha wageni, akashika kitasa. Ndani, visigino vilikuwa vinagonga chuma. Akasimama. Hapo ndipo alipopotea, si dukani; dukani alikuwa na hasira tu, na hasira sote tunazo. Alisimama akamsikiliza mama wa mume wake anavyoitafuta pumzi, akasema moyoni, "Kesho atapiga simu aje achukuliwe," kisha akakiachia kitasa polepole ili kisipige kelele.

Jioni alimpelekea maji. Shingoni mwa yule mama kulikuwa na alama za vidole, vyembamba na virefu kuliko vya binadamu.

"Umelalaje, mama?"

Mama mkwe alipokea kikombe. "Salama, mwanangu. Nilikuwa sijajua kama kitanda si changu peke yangu. Nikaomba radhi kwa kuingia bila hodi, nikasogea ukutani. Tukatoshana."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Kesho ukileta maji, leta vikombe viwili."

Fundi alikwenda kuchekea jikoni. Kizee kimechanganyikiwa, alijisemea, kazi inakwenda vizuri. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe hakulala bila kusema hodi, wala hakuamka bila kushukuru, na badala ya kukonda akanawiri. Nywele zake zilionekana zimesukwa mistari midogo, iliyonyooka, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka hata kushika kijiko. Mguu wake uling'aa mafuta. Mkongojo ukabaki nyuma ya mlango.

"Nani kakusuka, mama?"

"Binti yangu."

"Wifi si yuko mbali?"

"Sijamtaja wifi yako. Huyu hanichoki."

Halafu yakahamia kwenye cherehani. Gauni aliloliacha vipande jioni, Fundi alilikuta asubuhi limeshonwa, mshono wake mwenyewe, mpaka ile tabia yake ya kukata uzi kwa jino la pembeni. Na ncha za nyuzi zilikuwa bado mbichi kwa mate. Mteja mmoja akaja anacheka: "Fundi, jana ulivyonipima, mikono yako baridi kama mtu katoka kuosha barafu!" Jana hiyo Fundi alikuwa ameshinda sokoni kutafuta vitambaa.

Ndipo alipoacha kucheka. Siku moja alirudi mapema, mchana, mtaa umetulia na watu wamejifungia kukwepa jua, akaingia bila kuvua viatu, na alipofika kwenye ujia alisikia mazungumzo chumbani kwa mgeni, mama mkwe anacheka kama msichana, na sauti ya pili inamjibu, sauti anayoijua lakini hajawahi kuisikia kutoka mbali, akasogea huku harufu ya utambi ikimkaba, akasogea tena, mpaka sauti ile iliposema, "Mama, geuka nikukande upande wa pili," ndipo alipoijua kuwa ni ya kwake, sauti ya koo lake, na kikohozi chake kidogo cha vumbi la vitambaa mwishoni.

Hakufungua mlango. Alikimbia kumtafuta mtu wa dua.

Mtu huyo alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno, mtaani wakimwita Chumvi. Aliingia na bakuli lake la maji, akakaa sebuleni, akanusa.

"Limekaa sana hili. Limekula, limekunywa. Nani alilikaribisha?"

"Sijui, bibi."

"Hujui." Chumvi alimtazama kama mtu anayetazama noti bandia. "Sikiliza. Majini ni waongo, na wenye hofu ni waongo zaidi. Mimi simuamini yeyote kati yenu. Kazi yangu inasimama kwa ushahidi. Namuuliza mkubwa wa umri aliyemo ndani: nani ni wa nyumba hii? Asiyeshuhudiwa, dua inamtoa. Na ikishamtoa, hairudi kumtafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mtoe, bibi. Mtoe leo hii!"

Mama mkwe aliitwa. Alikuja kwa miguu yake, hana mkongojo, akaketi wima. Chumvi alianza kusoma juu ya maji, na maji yakaanza kuchemka bila moto, na kule ndani chuma kikalia, kri, kri, mlango ukafunguka. Akatoka Fundi. Kanga ileile, utepe uleule shingoni, kovu lilelile la pasi mkononi. Akasimama ubavuni mwa Fundi, akainamisha kichwa kwa adabu. Chumvi aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama," alinong'ona, "mimi sijui yupi ni yupi. Wewe umeishi nao. Mke wa mwanao ni yupi?"

Fundi alianguka magotini. "Ni mimi, mama. Nitazame vizuri. Ni mimi!"

"Nakuona," alisema mama mkwe. "Na siku ile nilikuona pia. Nilikuwa nakabwa, kichwa changu kimelalia upande wa mlango. Kitanda chenyewe kiko chini, kwa hiyo uwazi wa chini ya mlango niliuona wote. Nikaviona vidole vya miguu yako. Kucha zako nazijua. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, mwanangu kaja. Vikasimama pale. Mimi nakata roho, vimesimama. Kisha vikaondoka."

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani nini, mwanangu?"

Alimngoja ajibu, tena kwa subira. Yule wa pili aliinama taratibu, akamfunika mzee magoti kwa kanga, kwa kuwa upepo ulikuwa unaingia.

Mama mkwe alinyoosha kidole. "Huyu. Huyu aliyenikanda."

"Una hakika, mama? Nimesema hairudi."

"Mwaga maji, bibi."

Yalimwunguza kama pasi ya mkaa. Fundi hakujua kama amekimbia au ametupwa. Alijikuta barabarani, kanga imeraruka, na jirani yake, yule aliyezoea kuja kuazima sindano, anampita kwa pembeni huku akikumbatia mkoba wake. "Samahani, dada, umepotea? Sisi huku hatuna cha kutoa."

Alizunguka mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuna aliyemjua, kana kwamba dua ilimvua hata sura; hata mbwa wa kona aliyemlisha mifupa alimbwekea. Aliporudi, lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, na moyo wake ukafufuka. Akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Mume wake alifungua, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi.

"Karibu, dada. Unamtaka nani?"

"Mume wangu, ni mimi. Uliniambia nikutunzie moyo wako. Asubuhi ile, injini ikiunguruma. Nani mwingine alisikia?"

Alirudi nyuma hatua moja, akacheka kicheko cha mtu asiyetaka shari. "Mke wangu! Njoo huku, kuna mteja wako. Nadhani hayuko sawa."

Yule wa pili alitokea, utepe shingoni, akamtazama Fundi kwa huruma nzuri kabisa, huruma ambayo Fundi mwenyewe hakuwahi kumpa mtu. "Maskini. Ana njaa huyu."

Kutoka kitini, mama mkwe aliita: "Giza linaingia. Mgeni hafukuzwi. Chumba kipo na kitanda ki wazi."

Nje kulikuwa na mtaa mzima usiomjua. Ndani kulikuwa na nyumba yake. Akaingia. Alijiambia kwamba alfajiri mume wake atamwona vizuri, macho yakiwa yamepumzika. Mama mkwe mwenyewe alimwongoza, akamtandikia, akamshika mkono wakati anajishusha, maana kitanda kile kiko chini mno na mtu huwa anaanguka. Chuma kilimpokea. Bonde likamvuta katikati. Alingoja kukaliwa kifuani, akakaza mwili, akaomba kila dua aliyoikumbuka. Lakini hakuna kilichokuja kumkalia. Hapakuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa amehama, na nafasi yake ilikuwa tupu, nayo ilimfunga Fundi polepole kama kitambaa kinavyofunga mkunjo.

Asubuhi alisikia cherehani inaimba. Mlango ukafunguliwa, wakaingia watatu.

"Mgeni vipi?" aliuliza mume wake. "Eh! Mbona hayupo?"

"Nipo!" alipiga kelele Fundi. Chuma kikalia, kri.

"Ameondoka bila kuaga," ilisema sauti yake mwenyewe, ikakohoa kidogo. "Watu wengine ndivyo walivyo. Njoo unywe chai kabla haijapoa."

Wawili wakatoka. Mama mkwe alibaki. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akalisawazisha shuka kwa kiganja, taratibu, juu ya kifua cha Fundi, pale hasa moyo ulipokuwa unadunda, akiutazama uso ambao wengine hawakuuona.

"Mama," Fundi alilia, "nitoe. Kwa jina la Mungu, nitoe."

"Utazoea," alisema mama mkwe. "Akija mgeni, mwombe asogee kidogo. Wako wenye roho nzuri."

Akainuka bila kushikilia kitu, akatoka, akaufunga mlango.