Mkono Uliobaki Begani

"Dada Matrida, ulikuwa unashika barafu?" Jeska aliruka kwenye kiti, akafunika shingo kwa viganja vyote viwili.

"Barafu ya wapi? Tulia nikusuke."

"Vidole vya baridi hivyo! Hebu jiguse mwenyewe."

Matrida akajigusa. Ilikuwa saa sita mchana pale Iringo, katikati ya Musoma, jua limechoma bati la saluni mpaka mafuta ya nywele yameyeyuka kwenye makopo, na vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa baridi kama vya mtu wa mochwari. Kidole gumba kilikuwa na joto lake la kila siku. Akavisugua kwenye gauni, akacheka, akaendelea kumsuka Jeska mtindo wa twende kilioni. Nywele alikuwa anaziona vidoleni, lakini alikuwa hazihisi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi iliyotangulia walikuwa Guta, huko Bunda, kwenye misa ya kusimika jiwe la mumewe Fred, aliyetimiza mwaka mmoja kaburini.

Sasa hapo kwenye jiwe niseme ukweli, anayetaka kununa anune. Zamani watu walikuwaga wanazika ndugu yao nyumbani, wanapanga mawe, wanapanda mti, basi. Siku hizi kaburi lisipong'aa majirani wanauliza kama marehemu hakuwa na ukoo. Taili, nguzo, paa la bati jekundu! Kuna moja nimeliona lina taa ya sola. Marehemu anasoma nini usiku, niambieni.

Matrida alitaka msalaba mweupe wa saruji, jina na tarehe. Mwikwabe, kaka yake Fred, hakutaka hata kusikia. "Shemeji, unataka watu waseme tumemtupa?" Wakaenda kwa fundi Amos, Bunda mjini, akawafungulia picha kwenye simu: jiwe la umbo la moyo, jiwe la kitabu kilichofunguliwa, jiwe lenye ng'ombe aliyelala. Mwikwabe akachagua kubwa kuliko yote, jeusi, linalorudisha uso wa mtu kama kioo, na akataka sura ya Fred ichorwe humo. Tatizo, picha nzuri ya Fred ilikuwa moja tu, ya harusi. Fred amekaa kitini na suti yake, Matrida amesimama kando na shela, mkono wake wa kulia uko begani mwa mumewe.

"Mimi niko hai, fundi," Matrida alisema. "Nitakaaje kaburini?"

"Nitakukata, mama. Hutaonekana kabisa."

Kweli akamkata. Ila mtu akiwa ameshika bega la mwenzake, ukimkata, vidole vinabaki. Jiwe lilipofunuliwa mbele ya padri na majirani, vilikuwepo begani mwa Fred, vinne, na pete yake. Mama Boke, mama mzazi wa Fred, alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa jiwe.

"Vidole vya nani hivi? Kwetu mtu anayepumua hachorwi juu ya kaburi."

"Ni vidole tu, mama," Mwikwabe akamjibu, macho yakiwa kwa wageni. "Nani atavitazama?"

Na Matrida, nisimfiche, aliviona akavipenda. Alisimama pale analia, akamwambia Fred moyoni, angalau kipande changu kiko na wewe. Jamani! Kuna maneno hata moyoni hayasemwi.

Kufika Ijumaa baridi ilikuwa imepanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha, hawakuona kitu. Jumapili ilifika kiwikoni, na mkono ukawa unaning'inia tu. Wateja walikuja, wakautazama, wakakumbuka wana safari. Msusi wa mkono mmoja nani atamkalia? Akafunga saluni, akarudi kwake Buhare, akalala na mkono wake umezungushiwa blanketi kama mtoto mchanga.

Simu ya Mama Boke ikaingia.

"Mwanangu, mkono wako una hali gani?"

Matrida alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa Guta. "Nani amekuambia, mama?"

"Nimeuona kwenye jiwe," Mama Boke akanong'ona. "Njoo."

Alipofika Guta siku ya pili, Mwikwabe alikuwa amekaa kwenye gogo mbali na kaburi, kofia mkononi, majigambo yote yamemwisha. Matrida akapita mpaka kwenye jiwe. Vile vidole vinne vilikuwa vimeota kiganja, kiganja kimeota mkono mzima mpaka kiwikoni, na mkono ulikuwa umevaa gauni la harusi, lesi yake imechorwa tundu kwa tundu. Hakuna fundi aliyegusa pale. Na jiwe lilikuwa linanuka udi, udi mzito wa kukaba koo, kwenye boma la Wakatoliki ambako hakuna aliyewahi kuuchoma.

"Ni ubani wa ile misa," Mama Boke alisema chinichini. "Umebaki."

"Wiki nzima, mama? Nje huku, na upepo wote huu wa ziwani?"

Mama Boke alikuwa anaitazama sura ya mwanawe.

Wakamwita Amos. Alipoona, akaapa kwa mama yake, akaapa kwa watoto wake, kwamba yeye alichora vidole vinne tu. Akawasha grenda afute. Ncha ilipogusa ule mkono, cheche zikaruka, moshi wenye harufu ya udi ukatoka ndani ya jiwe, na Matrida, aliyekuwa amesimama hatua sita nyuma, akaanguka chini akipiga kelele, kwa sababu mkono ule uliokuwa hauhisi hata moto wa kibiriti ulikuwa sasa unahisi kila jino la mashine, na ngozi ya kiwiko ilikuwa imechubuka hadi damu ikalowesha kitenge.

"Zima! Zima, fundi!"

Amos akazima. Wote wanne wakatazama lile chubuko jeupe juu ya jiwe likijifunga polepole, mstari kwa mstari, lesi ikijisuka upya, na lilipokwisha kujifunga mchoro haukusimama hapo, ukaendelea kupanda, bega likatokea, kisha pindo la shela likielekea mahali ambapo uso wa mwanamke ungekuwa, na kila mstari ulivyokuja Matrida alisikia baridi inapita bega lake, inaingia kifuani, pumzi yake inakuwa fupi, fupi, fupi.

Mwikwabe alikwapua nyundo. "Mimi ndiye niliyelileta, mimi nitalivunja!"

"Weka chini!" Mama Boke alimziba njia kwa mwili wake mdogo. "Hujaona damu? Ukilivunja na mke wa mwenzio yumo ndani, utazika vipande vya nani?"

Nyundo ikashuka. Shela kwenye jiwe ikaongezeka kidogo.

Mama Boke akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya kaburi, akakaa, akafunga kanga yake vizuri kifuani. "Fred hakuwaga anaweza kulala peke yake," alisema. "Toka mdogo. Mpaka nimshike. Mwanangu anaogopa huko, anatafuta mtu wa kumshika, ndiyo maana amemng'ang'ania mkewe. Fundi, nichore mimi. Mkono wangu uweke kwenye bega la pili."

"Mama, hapana!" Matrida alijikokota mpaka miguuni pake. "Hapana, mama yangu."

"Wewe una miaka thelathini na minne. Mimi wenzangu wote wako chini, magoti yamekufa, nilichobakiza ni kulea mwanangu. Nyamaza."

Na Matrida akanyamaza. Hilo ndilo jambo ambalo hawezi kujisamehe mpaka leo. Alimpenda yule mama kuliko mama yake aliyemzaa, lakini baridi ilikuwa imefika karibu na moyo, na alitaka kuishi. Hakukataa mara ya pili.

Amos alilia, akasema hawezi, akaambiwa na mama mzee kwamba kosa ni lake na mkono wa kulirekebisha ni wake. Akachukua kimashine chake kidogo cha kuchorea, akapiga magoti, akaanza. Alichora kilemba, mikunjo ya paji la uso, macho, mdomo uliofumbwa kwa utulivu, na alipoanza kuchora vidole vya mama juu ya bega la kulia la Fred, shela upande wa pili ikaanza kufutika, kisha bega, kisha lesi, kiwiko, kifundo, na Matrida akahisi joto linarudi mwilini mwake kama uji unaoshuka tumboni asubuhi, kidole cha kwanza kikachezacheza, cha pili, cha tatu, naye akawa anacheka na kulia pamoja, anakunja ngumi na kuikunjua, "Mama, tazama! Mama, nahisi!", huku Mwikwabe amemwinamia mama yake, anamwita mara ya tatu, anamtikisa, na Mama Boke amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, macho wazi, mikono miwili imekwisha kuwa baridi.

Walimzika ubavuni mwa mwanawe. Watu walikuja mpaka kutoka Butiama alikozaliwa, wakasifu alivyokufa kwa amani, amekaa kama anayeota jua. Hakuna aliyewaambia kitu.

Siku ya tatu familia ilikaa kupanga kaburi litakavyojengwa. Mwikwabe hakuinua kichwa. "Shemeji, sema wewe."

"Msalaba wa mbao," Matrida alisema. "Jina tu."

Hakuna aliyebisha. Matrida akatoka, akavuka uwanja kwenda kumshukuru mkwewe. Tangu siku ile hakuwa amelitazama lile jiwe. Alijiambia kwamba sasa Fred ametulia, kwamba mama na mwana wameshikana, na kwamba hata yeye ipo siku atakuja kupata usingizi. Harufu ya udi ilimpokea akiwa bado hajafika. Akainama.

Vidole vya Mama Boke havikuwa tena begani mwa mwanawe. Mkono wake ulikuwa umevutwa nyuma, umejikaza, kama wa mtu anayetaka kuondoka, na kutoka ndani ya koti la Fred ulikuwa umetokea mkono mwingine, umemkamata kifundo. Matrida aliijua mikono ya mumewe, alilala nayo miaka tisa. Vidole hivi havikuwa vyake; vilikuwa virefu, kila kimoja kina viungo vinne, vimezunguka kifundo cha mama mara mbili. Na Mama Boke, ambaye Amos alimchora amefumba mdomo, alikuwa anapiga kelele.