Mguu Chini ya Meza

Adelina alikuwa kwenye foleni ya lifti stesheni ya treni ya Stratford, huko ughaibuni, watu wanapishana kama siafu, naye anaimba chini chini kujiliwaza. Ghafla sauti ya pili ikaitikia nyuma ya kisogo chake. Akageuka. Mwanamume wa makamo, kizibao cha manjano cha watu wa treni, viatu vinang'aa.

"Samahani dada, wimbo huo ukiimbwa na mtu mmoja unapwaya," alisema. Jina lake Laurean, mtu wa Bukoba.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kantri. Kule Moshi redio iliupiga Jumapili baada ya ibada, na mumewe, marehemu Elinaja, aliusia upigwe siku ya maziko yake. Kiingereza cha nyimbo Adelina hakukijua. Aliuweka pamoja na nyimbo za Mungu.

Wakapeana namba, simu zikaanza. Laurean humpigia akitoka zamu, humtania kwamba anasikia harufu ya vitunguu anavyokaanga mpaka relini. Jumamosi moja mchana akamwambia avae apendeze, kuna bendi Barking inaupiga ule wimbo. Adelina akavaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa Pasaka.

Kumbe ni baa. Kofia pana, glasi za bia, gitaa linalia kama mtoto aliyeachwa, na wimbo wa Elinaja unachezwa na watu waliokumbatiana.

"Umenileta nione maziko ya mume wangu yakigeuzwa ngoma ya walevi?" Akatoka, na kwa siku kadhaa simu zake hakupokea.

Alipokuja kupokea, Laurean hakujitetea. Alimweleza tu habari za honky-tonk, baa za kusini mwa Marekani, za wachimba mafuta na madereva waliokuwa mbali na kwao. Piano mbovu, unga wa mbao sakafuni, gitaa za umeme ili zizidi makelele. Vurugu nyingine zilikuwa kubwa hata wanamuziki wakapiga nyuma ya wavu wa kuku, chupa zisiwapate.

"Lakini ukipigwa wimbo wa nyumbani, chupa zinawekwa chini. Ule wako ulizaliwa humo, Adelina. Dereva anamwomba mkewe amfungulie mlango."

Elinaja alikuwa dereva wa malori, Moshi mpaka Tunduma. Adelina akamwona akilini, Jumapili mezani, suti nyeusi, uso wa mzee wa kanisa. Na chini ya meza mguu unakanyaga, mbele, mbele, nyuma. Hakuna kwaya iliyomfundisha vile.

"Mzee wa kanisa wangu," akasema, akacheka machozi yanamtoka. Kisha, "Ile baa wanauza soda?"

"Wanauza. Nami nitakunywa hiyo hiyo."

"Na pete yake siivui."

"Nani kakwambia uivue? Mimi naomba mkono, mpenzi, na pete yake humo humo."

Jumamosi iliyofuata Adelina alifika Barking na gauni lile lile. Laurean akamshika amwonyeshe hatua, akakuta mguu wa Adelina umeshaanza wenyewe, mbele, mbele, nyuma.

"Nani kakufundisha?"

"Yeye," Adelina akasema, akamwachia mkono ule wenye pete. "Shika basi, tucheze."