Kipimo cha Tatu

Kila Jumamosi Chiriku aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akaenda nyumba ya pili kwa shangazi yake. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakupumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado alikuwa anaongea.

Shangazi alikuwa fundi wa kukata miti. Watu walimwita pale mti ulipoegemea ukuta au tawi lilipotishia paa. Mtu akishangaa kuona mwanamke yuko juu na msumeno, alimjibu kwamba mti wenyewe haujalalamika.

Stoo yake ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya petroli na unga wa mbao. Kamba zilining'inia kwenye misumari, kofia ngumu zilipangwa rafuni, na chini, juu ya gunia safi, ulikaa msumeno wa mnyororo. Shangazi alikuwa ameununua mwaka ule. Chiriku ndiye aliyekuwa akiufuta vumbi, akitumia kitambaa laini kuliko kile alichofutia viatu vyake vya shule.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuchanganya mafuta. Injini ya msumeno ule haina mahali pa kuweka oili peke yake kama injini ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, huingia nayo ndani, hulainisha vyuma, kisha huungua. Ndiyo maana si oili yoyote inayofaa. Juzi tu muuza duka alijaribu kumpa Shangazi oili ya gari.

"Oili ni oili, mama," alisema.

"Basi nenda ukapikie," Shangazi alimjibu. "Mimi nipe ile ya kuchanganya na petroli, kwenye chupa yake, na kizibo kisiwe kimefunguliwa."

Kwa msumeno ule kiwango kilikuwa sehemu moja ya oili kwa sehemu hamsini za petroli. Yaani dumu la lita tano lilitaka mililita mia moja za oili: kikombe kimoja cha kupimia, mpaka kwenye mstari. Shangazi alimfundisha Chiriku kufanya hivyo nje, penye hewa, mbali na jiko, na kumsimamia mpaka aliporidhika.

Sasa, mwezi uliopita fundi mmoja alileta msumeno wake uliozimika. Kibarua wake alikuwa ameujaza petroli tupu. Shangazi aliufungua, akatoa pistoni, akaigeuza mkononi. Ilikuwa imechubuka kama iliyoparuliwa na paka.

"Umekufa huu," alisema. "Ulikosa oili."

Chiriku hakulisahau neno lile. Kila alipoufuta msumeno wao aliona ile mikwaruzo.

Jumamosi hiyo Shangazi alikuwa akikagua kamba pamoja na msaidizi wake, mtu mnene mpole ambaye kila mtu alimwita Bwana Kamba. Chiriku alibaki uani na dumu la petroli. Alipima kikombe kimoja cha oili, akamimina. Akatazama ndani ya dumu. Ilionekana kidogo mno, lita tano zote zile. Akaongeza kikombe cha pili. Kisha, kwa kuwa aliupenda sana msumeno ule, akaongeza cha tatu. Akafunga dumu, akalitikisa vizuri kama alivyofundishwa.

"Umepima?" Shangazi aliuliza akipita na kamba begani.

"Nimepima."

Na kweli alikuwa amepima. Alipima mara tatu.

Kazi ya siku ile ilikuwa kwa mama mmoja mshonaji, nao wakaenda wote watatu na vifaa vyao kwenye mkokoteni. Tawi nene la mti wa jirani lilikuwa limelala juu ya paa lake, hasa juu ya chumba cha mama mkwe wake, bibi aliyevunjika nyonga na asiyeweza kutembea. Kabla ya kuanza, Shangazi aliamuru kila mtu atoke. Bibi alibebwa juu ya godoro mpaka baraza ya jirani.

"Polepole," bibi alisema. "Mimi si kabati."

"Kabati lisingesema, bibi," Bwana Kamba alimjibu akihema.

"Na lisingekuwa na njaa. Mtamaliza saa ngapi?"

"Mchana utalala kitandani kwako," Shangazi alimwahidi.

Alijifunga mkanda, akapanda. Bwana Kamba alifunga tawi kwa kamba mbili, akazizungusha kwenye shina ili tawi lishushwe taratibu. Msumeno ukajazwa mafuta ya dumu la Chiriku, ukapandishwa, ukawaka. Lakini moshi uliotoka ulikuwa mweupe na mzito, na mlio wenyewe ulikuwa wa mtu mwenye mafua.

"Leo unavuta sigara?" Bwana Kamba alipiga kelele kutoka chini.

Shangazi aliinamia tawi. Alianza kukata. Unga wa mbao ulimwagika, kisha mlio ukapungua, ukakohoa, ukazimika. Akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena, na tena. Tawi lilikuwa limekatwa kufikia katikati na limeanza kuinama juu ya mabati.

Alishuka, uso umeloa jasho, akauweka msumeno juu ya turubai.

"Tusimalizie kwa msumeno wa mkono?" Bwana Kamba aliuliza.

"Limeshainama. Likipasuka nikiwa pale, litanibeba. Nataka likatwe haraka au lisiguswe kabisa." Alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa pili wa mji. "Kamba zinashika, ila upepo ukija sina uhakika. Hii itakuwa kabureta, haipitishi mafuta sawasawa. Nitaupeleka kwa fundi mashine, labda kesho kutwa."

Mshonaji alikuja na tepu ya kupimia bado shingoni. "Dada, na sisi tulale wapi?"

"Popote isipokuwa humu."

"Mimi na watoto tutajibana kwa jirani. Lakini mama kila akigeuzwa analia. Nitambeba kumpeleka wapi na mvua hii inayokuja?"

Kule barazani bibi alikuwa amefumba macho na kuuma mdomo, maana godoro lilikuwa limeteleza na mguu wake umekaa vibaya.

Chiriku alikuwa amesimama karibu na dumu. Alijiambia kwamba huenda kweli ni kabureta. Alijiambia kwamba oili haiwezi kuudhuru msumeno, oili ndiyo inayouponya. Kisha akamwona bibi akijaribu kuuvuta mguu kwa mikono yake miwili.

"Shangazi," alisema.

"Naam. Nilidhani umepotea. Hujaongea asubuhi nzima."

"Nimeongeza oili."

Shangazi aligeuka. "Umeongeza kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo si kipimo. Kiasi gani?"

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu. "Vikombe vitatu. Badala ya kimoja."

Bwana Kamba alipiga mluzi. Shangazi akachuchumaa, akafungua plagi ya msumeno. Ncha yake ilikuwa imeloa na kupakwa masizi meusi yanayong'aa. Akaiinua ili Chiriku aione.

"Hii ndiyo inayotoa cheche. Oili nyingi haikuungua yote, ikaigandia. Cheche itoke wapi?" Akashusha pumzi. "Kumbe si kabureta. Ningeibeba mashine nzima mjini, nimfungulishe mtu kabureta isiyo na kosa. Haya, lete brashi ya waya na kitambaa. Na utupigie hesabu: huu mchanganyiko nauponyaje?"

"Tuumwage?"

"Umwage wapi, kwenye mchicha wa watu? Fikiri. Lita tano zilitaka kikombe kimoja. Wewe umeweka vitatu."

Chiriku alihesabu kwa midomo. "Vikombe vitatu vinataka lita kumi na tano. Kwa hiyo... kila lita moja ya humu iongezewe lita mbili za petroli tupu."

"Tunayo petroli tupu?"

"Iko kwenye mkokoteni, dumu jekundu."

"Basi unangoja nini?"

Chiriku alipima, safari hii Shangazi akiwa pembeni na Bwana Kamba akichungulia kama mwalimu wa mtihani. Lita moja ya mchanganyiko, lita mbili za petroli, ndani ya dumu tupu, likatikiswa. Shangazi alimwaga mafuta yaliyokuwemo kwenye tangi la msumeno, akayarudisha kwenye dumu lenye oili nyingi. Akavuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili silinda ijikaushe. Akaisugua plagi kwa brashi, akaifuta, akairudisha, akajaza mafuta mapya. Wakasogea mbali na madumu.

Mvuto wa kwanza, kikohozi. Wa pili, moshi mzito. Wa tatu, msumeno ukanguruma, moshi ukapungua mpaka ukawa uzi mwembamba, na mlio ukawa ule wanaoujua.

Shangazi alipanda tena. Tawi lilikatika bila kupasuka, likaning'inia kwenye kamba, na Bwana Kamba akalishusha taratibu kama anayelaza mtoto. Halikugusa hata bati moja.

"Sasa," Shangazi alimwambia Chiriku akivua mkanda, "nenda kawaeleze kwa nini walikaa nje muda wote huu. Wewe, si mimi."

Chiriku alienda. Alimweleza mshonaji, akamweleza bibi, vikombe vyote vitatu.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mke wa kwanza wa mwanangu mkubwa alikuwa anatia chumvi hivyohivyo," alisema. "Alikuwa mtoto mzuri. Tulikunywa maji sana. Haya, shika kona hiyo ya godoro unirudishe kitandani."

Mvua ilianza wakiwa njiani wanasukuma mkokoteni. Chiriku alingoja agombezwe. Alipochoka kungoja, aliuliza mwenyewe.

"Umekasirika?"

"Kidogo," Shangazi alisema, na Bwana Kamba akacheka. "Sikiliza, mwanangu. Ulizidisha oili kwa sababu unaupenda msumeno, hilo najua. Lakini ukikipenda kitu, kipe kinachohitaji, usikipe unachotamani wewe kukipa. Ungeniuliza, ningekuambia mara moja. Hilo ni kosa dogo."

"Na kubwa?"

"Nilikuuliza umepima. Ukanipa jibu ambalo kwako lilikuwa kweli, na mimi nikapanda mti nikiliamini. Kesho kutwa ningekuwa bado naliamini, bibi wa watu yuko barazani. Mtu akikuuliza, mwambie anachohitaji kukijua, hata kama kinakuaibisha. Leo ulikisema, na ulikisema kwa idadi. Ungeishia kwenye 'kidogo', tungekuwa tunabahatisha mpaka saa hizi."

Chiriku alisukuma mkokoteni hatua chache. "Kwa hiyo Jumamosi utachanganya mwenyewe?"

"Kwa nini? Nina mtu anayejua oili ikizidi inakuwaje. Utachanganya wewe. Ila sitakuuliza kama umepima. Nitakuuliza umeweka vikombe vingapi."