Kizibao cha Enoch Tallentire

Giza lilikuwa linaingia Cuthbert Raine alipopanda kwenda kwa mjane wa Enoch Tallentire kumchukua kicheche. Safari ya kawaida tu. Bonde zima lilijua kwamba Enoch, mwindaji wa sungura, alizikwa kabla ya theluji, na kwamba kicheche wake mweupe, Floss, aliyekuwa akimwingiza mashimoni kuwafukuza sungura, tangu siku hiyo alikuwa anang'ata kila mkono uliomsogelea. Wanaume wenye vicheche vyao walishamjaribu wakamrudisha. Asingepata wa kumchukua, angepigwa gongo la kisogo.

Cuthbert akasema atamchukua yeye. Wala hakuhitaji sungura. Alitaka kitu chenye pumzi ndani ya nyumba. Tangu afiwe na mkewe, jioni zake zilikuwa za kusikiliza kijiko chake mwenyewe kikigonga kikombe, na upweke huo ulikuwa unammaliza taratibu.

Bi Hester alimsubiri mlangoni na sanduku la mbao.

"Angalia vidole vyako, Cuthbert. Huyu hana adabu hata chembe."

"Hata mimi sina, Bi Hester. Tutaelewana."

Mjane hakucheka. Juu ya sanduku akaweka kizibao cheusi cha marehemu. Cuthbert hakushangaa, maana ndiyo desturi yao. Kicheche akihama huhama na nguo ya bwana wake, akatandikiwa sandukuni mpaka azoee kwake kupya. Kizibao kilinuka tumbako na udongo wa mashimoni.

"Akikushinda," Bi Hester akanong'ona, "kivae."

Desturi haikusema hivyo. Nguo ni ya mnyama, si ya mtu. Cuthbert alitaka kumuuliza ana maana gani, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Alimfuga kwa njia zote alizozijua. Alijipaka maziwa mgongoni mwa ngumi ili mnyama alambe na kusahau kuuma. Hakuvaa glavu. Akiumwa hakuuvuta mkono, kwa sababu ukiuvuta umemfundisha kwamba meno yanafanya kazi. Floss alilamba maziwa yote, akatulia kidogo, kisha akaung'ang'ania mfupa wa kidole.

"Haya mama, tafuna," Cuthbert alimwambia, machozi yakimlenga. "Ukishiba utaniambia."

Akishamaliza kuuma, Floss alirudi kujilaza juu ya kizibao na kumpa mgongo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kukataliwa na kiumbe anayeenea ndani ya mkono wa shati! Aliosha damu, akala mkate wake peke yake, akajiona mjinga.

Jioni moja uvumilivu ukamwishia. Akakichomoa kizibao sandukuni, akakivaa.

Enoch alikuwa pandikizi la mtu. Cuthbert alikuwa mwembamba wa kuhesabika mbavu.

Kizibao kilimkaa sawasawa.

Floss aliinua kichwa. Akanusa... akanusa tena. Kisha akapanda gotini, akajipenyeza kifuani na kuanza kutoa ile kwikwi ndogo ya furaha ya vicheche. Cuthbert alimkumbatia, akalia kama mtoto. Ilikuwa miaka mingi tangu chochote kilale juu ya moyo wake.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Jua likizama, kizibao. Hakutaka kuyaona mengine yaliyoanza kubadilika. Mbwa wa jirani, aliyekuwa akimkimbilia langoni, sasa alirudi nyuma akiwa amefyata mkia. Mdomo wa Cuthbert ulitamani kiko, naye hakuwahi kuvuta tumbako maisha yake yote. Siku moja akiwa jikoni alisikia mtu akikohoa. Kikohozi kizito, cha kifua kipana.

"Nani?" akauliza.

Akachungulia nyuma ya mlango. Hapakuwa na mtu.

Kikaja tena. Safari hii alikihisi kikipanda kutoka kifuani mwake.

Hofu ikamshika. Alikivua kizibao, akakisukumiza ndani ya jiko la makaa, akasimama pale mpaka kikawa majivu. Alijisugua kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akabadili shati. Halafu akapiga magoti mbele ya sanduku na kuingiza mkono mtupu, bila maziwa.

Sasa aliyaomba yale meno. Yangemwambia kwamba yeye bado ni yeye.

"Ning'ate," akanong'ona. "Tafadhali, mama. Ning'ate."

Floss akanusa kidole kimoja kimoja.

Akamlamba.

Harufu ya tumbako ilikuwa imejaa chumba kizima.

Mlango ukagongwa. Kabla hajainuka, Bi Hester alishaingia na pai ya nyama ndani ya kitambaa, mvuke ukitoka. Hakusubiri kukaribishwa kama mgeni. Alitundika shali yake nyuma ya mlango, akavuta kiti, akaketi. Floss akamkimbilia miguuni, akazunguka, akarudi kwa Cuthbert. Mjane akawatazama wote wawili kwa muda mrefu. Hakuwa na dhihaka usoni. Alikuwa na macho yaliyovimba, ya mtu aliyelia tangu mazishi bila wa kumfuta machozi.

Alijua? Alikipanga kisa hiki cha kizibao tangu mwanzo, au alikuwa anabahatisha tu, kwa jinsi naye alivyochoka kukaa peke yake? Cuthbert alitaka kumuuliza. Alitaka kumwambia, Bi Hester, umekosea nyumba, mimi ni...

Jina lilikuwapo. Alilihisi karibu kabisa na ulimi, likiteleza.

"Enoch," Bi Hester akasema polepole. "Njoo ule, chakula kinapoa."

Nje upepo ulikuwa unapiga kuta za mawe. Ndani kulikuwa na joto, na chakula cha watu wawili, na mnyama aliyelala kwa amani juu ya kiatu chake. Hakuna aliyemwita mezani tangu mkewe afe. Angesema neno moja tu la kweli, mwanamke angejifunga shali yake na kuondoka, na kijiko kingeanza tena kugonga kikombe.

"Enoch? Mbona kimya, mume wangu?"

Akakohoa, kwa kifua kipana.

Akaitika.