Mashine ya Bi Jadwiga

Alhamisi, saa tisa alasiri. Zimebaki siku tano.

Rusnak alifunga mlango kwa teke. Chumba cha nyuma cha duka la matairi, Hamtramck, mji mdogo wa Wapolandi. Meza moja, kompyuta moja, watu watatu.

"Sikilizeni. Sirudii," alisema. "Mashine yetu ya kadi iko kwa yule kikongwe wa duka la mikate wiki ya tatu sasa. Kila usiku inajifunga yenyewe saa mbili, pesa inaenda benki yake. Anatuamini. Jumanne anauza ponchki, yale maandazi yao ya jamu, kwa mji mzima. Saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, foleni imefika barabarani, Wanda anabadilisha namba ya akaunti. Bibi atatumiwa ujumbe, lakini hatakuwa na mkono wa kushika simu. Saa mbili mashine inajifunga, mzigo unakuja kwetu. Jumatano tuko Florida."

"Akishtuka?" Wanda aliuliza. Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Yule? Aliletewa makampuni matatu achague. La kwanza linakata senti mbili na nusu kwenye kila dola, mkataba hakuna. La pili hivyohivyo. Sisi tunakata nne, na mashine anakodi juu. Akatuchukua sisi!" Rusnak alicheka mpaka akakohoa. "Hesabu hajui."

Wanda alicheka. Zenon hakucheka.

Zenon Gawlik ndiye aliyepeleka mkataba. Ndiye uso wa kundi. Alizaliwa mitaa mitatu kutoka kwa yule bibi, akatumikia misa na marehemu mwanawe. Halafu akaiba magari, akala miaka miwili jela. Alipotoka, Rusnak alimpa kazi na tai. Wanda akampa nusu ya kitanda.

"Dogo, duka linafunga saa ngapi?" Rusnak alimuuliza.

"Mlangoni wameandika saa moja jioni."

Ilikuwa kweli. Haikuwa yote. Jumanne ile ya mwisho kabla ya Kwaresima, watu wa Hamtramck hupanga foleni kwenye theluji tangu alfajiri. Ikifika saa sita mchana hakuna ponchki hata moja iliyobaki, na pazia linashuka. Rusnak, mtu wa kuja kutoka Florida, atajuaje? Zenon alikuwa nalo neno mdomoni. Akalimeza. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Ijumaa hakumwambia. Jumamosi hakumwambia.

Jumatatu, saa nne asubuhi. Zimebaki saa thelathini na moja.

"Futa miguu! Hapa si zizi."

Bi Jadwiga Sroka alikuwa na unga mpaka viwikoni. Mjane, miaka sabini na miwili, mgongo umepinda kwa kukanda.

"Nimekuja kukagua mashine, Bi Jadwiga."

"Kagua huku unakula. Umekonda, unatia aibu. Krystyna angekuona hivi angenigombeza mimi, si wewe."

Krystyna alikuwa mama yake. Alizikwa Zenon akiwa ndani. Bi Jadwiga ndiye aliyesimama kaburini mahali pa mtoto.

Kando ya mashine palikuwa na barua ya mwenye nyumba. Zenon aliisoma bila kuigusa. Kodi ya miezi mitano. Mwisho wa mwezi, au atoke.

"Hiyo isikutishe," bibi alisema. "Ponchki za kesho zinalipa yote. Zisipolipa, basi miaka arobaini na moja inatosha, nitakwenda nyumba ya wazee nikale supu ya maji."

Zenon alibofyabofya mashine isiyo na kasoro.

"Bi Jadwiga. Kwa nini ulichagua kampuni yetu? Sisi ni ghali."

"Unadhani sijui kutoa na kujumlisha?" Alicheka kidogo. "Nililiona hilo siku ileile. Yule kijana wa kwanza alikuwa na viatu vya kung'aa, hanihitaji. Wewe ulikuja na tai imekukaba, karatasi inatetemeka mkononi. Nikasema, huyu akiuza ya kwanza, atauza ya pili, hatarudi kule. Hiyo senti na nusu nimempa Mungu kwa Kwaresima. Sasa kula."

Alikula.

Alipomaliza alimshika bibi mkono, akaupeleka kwenye kitufe cha kijani.

"Kesho mkimaliza kuuza, bonyeza hiki mara mbili. Itaandika siku imefungwa. Usipande kulala kabla."

"Si huwa inajifunga yenyewe?"

"Kesho bonyeza. Niahidi."

Bi Jadwiga alimtazama kama anayepima unga kwa macho.

"Naahidi, mwanangu."

Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Rusnak alisimama nyuma ya Wanda. Zenon alisimama karibu na mlango.

"Bado," Rusnak alisema. "Bado. Haya, piga."

Wanda alipiga. "Imekubali. Akaunti ni yetu."

"Ameuza ngapi?"

Wanda alibofya tena, akasogeza uso karibu na kioo.

"Wanda, nakuuliza."

"Sifuri."

"Soma tena, mwanamke!"

"Nimesoma! Aliuza dola elfu thelathini na moja na mia nne. Imefungwa saa sita na dakika ishirini. Kwa mkono. Imeshakwenda benki yake."

Rusnak alienda dirishani, akarudi. Hakupiga kelele. Hapo ndipo Zenon alipoogopa.

"Kikongwe kafundishwa na nani?"

Wanda angeweza kunyamaza. Zenon alimwomba kwa macho. Jana tu walichagua nyumba ya kuishi pamoja, vyumba viwili vya kulala, dirisha linaloona mto.

"Jana alikwenda dukani," Wanda alisema. "Alirudi hasemi."

Rusnak hakutoa bastola. Alitoa simu.

"Duka la maua tulilolikausha Krismasi, mkataba una sahihi ya nani, dogo? Kinyozi je?"

"Yangu."

"Na ya kikongwe?"

"Yangu."

"Basi polisi nitawapa jina moja tu."

Wanda alifunga kompyuta, akavaa koti. Mlangoni alisimama.

"Ungeniambia, Zenon."

"Ungenichoma."

"Hukunijaribu." "Hata mara moja hukunijaribu."

Akatoka na Rusnak. Gari likawaka.

Jumatano, saa tatu asubuhi.

Zenon angeweza kukimbia. Barabara ilikuwa wazi. Lakini akaunti ilikuwa imeshabadilishwa. Kila mkate wa leo ungeingia kwa Rusnak. Zenon aliingia dukani mbio, akachomoa waya, akaibeba mashine kifuani.

"Usiitumie tena, Bi Jadwiga. Piga simu benki yako sasa hivi."

Bibi alikuwa ametoka misa, msalaba wa majivu kwenye paji la uso. "Kuna nini? Jana nilibonyeza, kama ulivyosema. Kodi nimelipa..."

Mlango ukafunguliwa. Polisi wawili. Mmoja aliichukua mashine, mwingine akamgeuza Zenon ukutani.

"Mama, huyu na wenzake walikuja kukuibia. Mapato ya jana yote. Wafanyabiashara wawili wameshafilisika kwa sababu yake."

"Uongo." Bi Jadwiga alikuja mbele, unga ukidondoka. "Zenon, mwambie ni uongo."

Maneno yalikuwepo. Kile kitufe, ile ahadi. Akawakumbuka wa maua na kinyozi, ambao hakuna aliyewabonyezea kitu.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuja kukuibia."

Bibi hakumpiga. Alirudi nyuma ya meza, hatua moja, kama mtu anayempisha mgeni.

Wakamtoa. Mteja mmoja, mama mwenye mtoto, alikuwa amesimama na mkate mkononi na kadi imeshatoka kwenye pochi.

"Kadi inapita?"

"Leo hapana."

"Mpaka lini? Unatafuta kampuni nyingine?"

Bi Jadwiga aliangalia gari la polisi mpaka likakata kona.

"Sijui, binti yangu," alisema. "Nilikuwa nimeshachagua."